Lahaja Bila Mji: Lugha, Watu na Uchumi katika Mkoa wa Poltava, Ukraine

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya usanifishaji wa lugha imezoeleka kudhaniwa kwamba lahaja inayoteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu hupata hadhi, na kwamba hadhi hiyo huwafikia wasemaji wake. Historia ya Kiswahili inaelekea kuiunga mkono dhana hiyo. Kiunguja cha mjini kilipoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kilikuwa tayari ni lugha ya bandari, ya soko na ya misafara iliyokwenda bara. Usanifishaji ulithibitisha nguvu iliyokwisha kuwapo.

Hata hivyo, dhana hiyo haina budi kupimwa kwa mifano ya mahali pengine. Makala haya yanachunguza mfano mmoja unaokwenda kinyume nayo, yaani mkoa wa Poltava, katikati ya Ukraine. Lahaja za sehemu hii ni miongoni mwa zile zilizokipatia Kiukreni sanifu umbo lake la kifonolojia na kisarufi. Pamoja na hayo, kwa muda wa karne mbili hivi wasemaji wake walikuwa wakulima ambao, kila walipotaka kupanda ngazi ya maisha, walilazimika kuiacha lugha yao mlangoni mwa mji. Hoja kuu ya makala haya ni kwamba hatima ya lugha hiyo haikuamuliwa na idadi ya wasemaji wala na ubora wa fasihi yake, bali na mahali ilipokaa katika mfumo wa uchumi: ilikuwa lugha ya kuzalisha nafaka, lakini haikuwa lugha ya kuiuza, kuitoza kodi wala kuiandikia hati.

2.0 Mahali na Watu

Mkoa wa Poltava uko upande wa kushoto wa mto Dnipro, na unapitiwa na mito ya Sula, Psel na Vorskla. Mipaka yake ya kiutawala ilianza kuwekwa mwaka 1937, na eneo lake ni takribani kilomita za mraba 28,750. Sehemu kubwa ni tambarare yenye udongo mweusi wenye rutuba nyingi. Ngano, mahindi, alizeti na kiazisukari ndiyo mazao makuu, pamoja na ufugaji wa nguruwe na ng'ombe. Chini ya udongo huo mna gesi asilia na mafuta, na karibu na Dnipro mna machimbo ya madini ya chuma katika mji wa Horishni Plavni, ambao hadi mwaka 2016 uliitwa Komsomolsk.

Katika karne ya 17 na ya 18 nchi hii ilikuwa ya Wakosaki, askari wakulima waliojitawala chini ya kiongozi wao mkuu aliyeitwa hetmani. Poltava, Myrhorod na Lubny yalikuwa majina ya vikosi na wakati huohuo ya wilaya za utawala. Baada ya vita vya Poltava vya mwaka 1709, ambapo Petro wa Kwanza wa Urusi alimshinda mfalme wa Sweden na mshirika wake hetmani Ivan Mazepa, uhuru huo ulipunguzwa hatua kwa hatua. Mwaka 1783 Katerina wa Pili aliwafunga wakulima wa upande huu wa mto kwenye ardhi ya mabwana, wasiruhusiwe kuhama. Kifungo hicho kiliondolewa mwaka 1861.

Sensa ya Dola ya Urusi ya mwaka 1897 iliuliza swali la lugha. Katika jimbo la Poltava la wakati huo, ambalo lilikuwa kubwa kuliko mkoa wa leo, watu wapatao milioni 2.8 walihesabiwa, na takribani asilimia 93 walitaja Kiukreni. Katika mji wenyewe wa Poltava, hata hivyo, wasemaji wa Kiukreni walikuwa zaidi kidogo tu ya nusu. Waliobaki wengi walisema Kirusi na Kiyidi. Jamii ya Wayahudi waliosema Kiyidi iliangamizwa na utawala wa Kinazi uliolishika eneo hili kuanzia mwaka 1941 hadi 1943. Tofauti hii kati ya jimbo na mji wake ndiyo ufunguo wa mjadala unaofuata.

3.0 Lahaja na Lugha Sanifu

Mwaka 1798 yalichapishwa huko Saint Petersburg mashairi ya Eneida ya Ivan Kotliarevsky, mzaliwa wa Poltava (1769–1838). Kazi hiyo, iliyogeuza utenzi wa Virgil kuwa kichekesho cha Wakosaki, huhesabiwa kuwa mwanzo wa fasihi mpya ya Kiukreni, kwa sababu iliandikwa kwa lugha iliyosemwa na watu badala ya lugha ya maandishi ya kikanisa. Mwaka 1819 Kotliarevsky aliandika tamthilia ya Natalka Poltavka. Taras Shevchenko, aliyezaliwa mwaka 1814 ng'ambo ya pili ya Dnipro, alitumia lahaja za kundi hilohilo, yaani lahaja za Dnipro ya Kati. Kwa njia hiyo, waandishi waliteua msingi wa lugha sanifu kabla ya kamati yoyote kuketi.

Sifa za lahaja hizo zinaonekana wazi katika lugha sanifu. Mojawapo ni mabadiliko ya irabu ya zamani /o/ kuwa /i/ katika silabi funge. Neno la "paka" ni kit, lakini silabi inapofunguka kwa kuongezwa kiambishi cha uhusika, /o/ hurejea: kota. Vivyo hivyo, "usiku" ni nich, na umbo lake la umilikishi ni nochi. Kirusi hakina ubadilishanaji huu. "Paka" ni kot.

Lakini si kila kilichosemwa Poltava kilikubaliwa. Katika vijiji vingi vya eneo hili msemaji husema khodiu, "ninatembea", ambapo lugha sanifu hudai khodzhu, yenye badiliko la konsonanti. Nafsi ya tatu ni khode, "anatembea", badala ya khodyt. Sauti /l/ nayo hutamkwa kwa namna ya kati, isiyo nzito wala laini, tofauti na kaida ya sanifu. Kwa hiyo hata mzaliwa wa kitovu cha lugha sanifu huingia darasani akasahihishwa. Jambo hili halishangazi, kwani lugha sanifu haiwi lahaja ya mtu yeyote. La kuzingatia ni nini kilichomngojea msemaji huyo baada ya kusahihishwa. Msemaji wa Kimakunduchi aliyejifunza Kiswahili sanifu aliikuta lugha hiyo mjini Unguja, inatumika. Mkulima wa Poltava aliyejifunza Kiukreni sanifu aliufikia mji na kukuta lugha nyingine.

4.0 Nafaka, Soko na Ofisi

Kutenganishwa huko kwa shamba na mji kulikuwa na misingi ya kiuchumi. Kijijini, mfinyanzi wa Opishnia na mkulima wa Velyki Sorochyntsi waliuziana bidhaa kwa Kiukreni katika magulio yao. Biashara kubwa ilikuwa na sura nyingine. Mwaka 1852 gulio kuu la Mtakatifu Eliya lilihamishiwa Poltava, na uchunguzi wa Ivan Aksakov juu ya magulio ya Ukraine, uliochapishwa mwaka 1858, ulionyesha jinsi wafanyabiashara kutoka Urusi walivyoitawala biashara hiyo. Nafaka ya Poltava ilisafiri mbali, lakini lugha ya aliyeilima haikusafiri nayo. Hapa ndipo tofauti na Kiunguja inapojitokeza, kwani Kiunguja kilikwenda bara pamoja na bidhaa.

Ofisi nazo zilifanya kazi kwa Kirusi, na sheria ikaongeza uzito. Waraka wa waziri Valuev wa mwaka 1863 ulizuia vitabu vya Kiukreni vya dini na vya elimu kwa umma, na amri ya Ems ya mwaka 1876 ikapiga marufuku karibu uchapishaji wote wa Kiukreni pamoja na uingizaji wa vitabu kutoka nje. Marufuku hayo yalilegea baada ya mwaka 1905.

Wana wawili wa eneo hili wanaonyesha njia zilizokuwapo. Nikolai Gogol, aliyezaliwa Velyki Sorochyntsi mwaka 1809, alikuwa mtoto wa mwenye ardhi aliyeandika tamthilia kwa Kiukreni. Yeye mwenyewe alikwenda Saint Petersburg na kuwa mmoja wa mabingwa wa nathari ya Kirusi. Panas Myrnyi, mzaliwa wa Myrhorod (1849–1920), alibaki. Alikuwa mtumishi wa hazina ya serikali mjini Poltava, akifanya kazi yake kwa Kirusi, na kwa jina la kubuni aliandika riwaya za Kiukreni juu ya maisha ya wakulima. Riwaya yake kubwa, aliyoiandika pamoja na kaka yake, ilichapishwa Geneva mwaka 1880 kwa kuwa haikuweza kuchapishwa nyumbani. Mmoja alifuata mji, mwingine aliigawa siku yake katika lugha mbili. Njia ya tatu, ya kupanda ngazi kwa Kiukreni, haikuwapo.

5.0 Shamba la Pamoja na Uhuluti wa Lugha

Kuanzia mwaka 1923 serikali ya Kisovieti iliendesha sera ya kukipa Kiukreni nafasi katika shule, magazeti na ofisi. Mwaka 1928 ulikubaliwa mfumo mmoja wa tahajia kwa Waukreni wa mashariki na magharibi. Sera hiyo haikudumu. Ardhi ilipochukuliwa na kuwekwa katika mashamba ya pamoja, na nafaka ikachukuliwa kwa nguvu, ilizuka njaa ya 1932–1933, iitwayo Holodomor, iliyoua mamilioni ya watu. Vijiji vya Poltava vilikuwa miongoni mwa vilivyoathirika sana. Mwaka huohuo wa 1933 tahajia ilirekebishwa ili isogee karibu na Kirusi, na hata herufi moja, ile ya sauti /g/, ikaondolewa katika alfabeti. Ilirudishwa mwaka 1990. Mwanaisimu George Shevelov ameonyesha kwamba hapa dola haikuridhika kuzuia matumizi ya lugha, bali iliingilia muundo wake wa ndani.

Desemba 1932 zilianzishwa pasipoti za ndani, na wakulima wa mashamba ya pamoja hawakupewa kwa kawaida. Haki hiyo ilitambuliwa kwao kwa amri ya mwaka 1974. Kwa zaidi ya miaka 40, basi, msemaji wa Kiukreni wa kijijini alihitaji kibali ili ahamie mjini, na njia zilizompatia kibali, yaani jeshi, chuo na kiwanda, kwa kiasi kikubwa zilizungumza Kirusi. Mageuzi ya elimu ya 1958–1959 yaliwaachia wazazi uchaguzi wa lugha ya shule, na wazazi wengi wa mijini walichagua lugha iliyoahidi kazi.

Katika mazingira hayo ilikua lugha mchanganyiko iitwayo surzhyk. Asili ya neno hilo ni ya kinu: ni nafaka iliyochanganywa, ngano pamoja na nafaka ya thamani ndogo, au unga uliosagwa kutokana nayo. Msemaji wa surzhyk huchukua msamiati wa Kirusi wa kazi, ofisi na mashine na kuutia katika fonolojia na sarufi ya Kiukreni cha kijijini. Wengi wameitazama kama uvivu au ujinga. Mtazamo huo haukidhi. Mgawanyo wa msamiati wake hufuata kwa kiasi kikubwa mgawanyo wa uchumi: maneno ya nyumba, udongo na jamaa hubaki ya Kiukreni, na ya mshahara na cheti huwa ya Kirusi. Surzhyk ni kumbukumbu ya safari ya mkulima kwenda mjini, iliyoandikwa katika kinywa chake.

6.0 Baada ya Mwaka 1991

Ukraine ilitangaza Kiukreni kuwa lugha ya taifa kwa sheria ya mwaka 1989, ikapata uhuru mwaka 1991, na katiba ya mwaka 1996 ikathibitisha hadhi hiyo katika kifungu cha 10. Katika sensa ya mwaka 2001, takribani asilimia 90 ya wakazi milioni 1.6 wa mkoa wa Poltava walitaja Kiukreni kuwa lugha yao ya mama. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Swali la lugha ya mama halisemi mtu hutumia lugha gani kazini, na aghalabu msemaji wa surzhyk hujihesabu kuwa msemaji wa Kiukreni.

Sheria ya lugha ya mwaka 2019 iligusa hasa sehemu iliyokuwa dhaifu. Tangu tarehe 16 Januari 2021, maduka, migahawa na huduma nyingine hutakiwa kumhudumia mteja kwa Kiukreni isipokuwa yeye mwenyewe akiomba lugha nyingine. Vita vilivyoanza kwa uvamizi wa Urusi wa tarehe 24 Februari 2022 vimeleta Poltava wakimbizi wengi kutoka mikoa ya mashariki, wakiwamo wasemaji wa Kirusi ambao baadhi yao wameamua kubadili lugha kwa hiari.

Wakati huohuo kijiji chenyewe kinapungua. Mashamba ya pamoja yaligawanywa kwa wanakijiji, lakini wengi walikodisha hisa zao kwa kampuni kubwa zinazolima kwa mitambo na kuajiri watu wachache. Marufuku ya kuuza ardhi ya kilimo, iliyoanza mwaka 2001, iliondolewa kwa watu binafsi tarehe 1 Julai 2021, na kwa kampuni mwanzoni mwa mwaka 2024. Vijana huhama, na shule ndogo hufungwa au kuunganishwa kadiri watoto wanavyopungua. Kufikia mwaka 2022 wakazi wa mkoa walikadiriwa kuwa milioni 1.35 hivi.

7.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kuwa msingi wa lugha sanifu si kinga. Lahaja za Poltava zilitoa irabu, sarufi na fasihi ya taifa, lakini wasemaji wake walibaki nje ya soko kubwa na nje ya ofisi, na lugha ikabaki nje pamoja nao. Sasa mambo yamegeuka: Kiukreni kinaupata mji, hali kijiji kilichokitunza kinatoweka pamoja na khodiu, khode na ile /l/ ya kati, ambazo kitabu cha sarufi hakikuzihifadhi.

Kwa wanaisimu wa Kiswahili funzo ni la pande mbili. Kwanza, mipango ya lugha inayoshughulikia kamusi, istilahi na tahajia bila kuuliza lugha hiyo inampatia msemaji riziki gani, inajenga ghala bila njia ya kulifikia. Pili, ushindi wa lugha sanifu usiwe sababu ya kuacha kuziandika lahaja zilizoizaa. Nyingi za lahaja hizo, Afrika Mashariki kama Poltava, zina wasemaji wazee na vijiji vinavyopungua, na kazi ya kuzirekodi haiwezi kuahirishwa.