Ganda la Kitunguu na Hewa ya Mvua

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa anaujua unyevu. Korosho zisipokauka vizuri hukwama ghalani, hazifiki kwenye mnada wa chama kikuu cha ushirika cha RUNALI mpaka zianikwe upya. Hadhari hiyohiyo inakistahili kitunguu maji, ambacho wengi wetu hukiacha ndani ya gunia sakafuni.

Ganda lake kavu ni kinga. Kati ya 1929 na 1933, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, wakiwemo J. C. Walker na Karl Paul Link, walichunguza kwa nini kuvu moja ilishambulia vitunguu vyeupe lakini haikuvigusa vyekundu. Katika maganda yenye rangi walikuta asidi ya protokatekuiki na katekoli. Ganda likilowa, kemikali hizo huyeyukia kwenye maji na kuzuia mbegu za kuvu zisichipue.

Kwa hiyo kitunguu chekundu cha gengeni kimevaa dawa yake. Hata hivyo, dawa hiyo haizuii kila kuvu. Ule unga mweusi unaochafua vidole ni Aspergillus niger, kuvu inayopenda joto na unyevu. Mvua zikishika, ganda hunyonya mvuke wa hewani na kulainika. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80, ukungu hustawi na mizizi huanza kuchomoza kitakoni. Hewa ikiwa kavu mno, ganda hupasuka na kupukutika, kitunguu kikabaki wazi. Kiwango kizuri ni karibu asilimia 65 hadi 70.

Habari njema ni kwamba joto letu si adui mkubwa. Kwenye nyuzi 25 hadi 30 kitunguu huchelewa kuchipua kuliko kwenye nyuzi 10 hadi 20. Kinachohitajika ni hewa inayopita. Anika vitunguu kivulini mpaka shingo zikauke kabisa, kisha vitandaze kwenye kichanja au vitundike katika mifuko ya neti. Usivifunike kwa nailoni, maana ubaridi wa usiku hugeuza mvuke kuwa matone. Chambua mara kwa mara, vilivyolainika vipikwe kwanza. Na mchuuzi asiyamenye maganda makavu ili vitunguu ving'ae: anavivua kinga kabla havijapata mnunuzi.