Kwenda Ni Mbali Kuliko Kurudi

Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja kati ya Nairobi na New York kwa ndege ya Boeing 787. Kati ya viwanja vya ndege vya miji hiyo miwili pana kilomita zipatazo 11,830, uwe unakwenda au unarudi. Hata hivyo ratiba ilitaja takriban saa 15 za kwenda na 14 za kurudi.

Tuanze na njia. Weka rula juu ya ramani ya ukutani: mstari utakatiza Jamhuri ya Afrika ya Kati na Burkina Faso, utokee baharini pwani ya Mauritania. Sasa nyoosha uzi juu ya tufe la dunia. Uzi utapanda Sudan Kusini, uguse Darfur nchini Sudan, upite Chad, Niger na jangwa la Algeria, kisha Morocco na visiwa vya Azores. Huo ndio mfupi, kwa zaidi ya kilomita 300. Marubani huufuata kadiri wanavyoruhusiwa tu. Anga ya Sudan, kwa mfano, ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023.

Lakini mwenye kauli kubwa ni upepo. Kaskazini mwa Atlantiki, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, huvuma mkondo wa upepo kutoka magharibi kwenda mashariki, na nguvu zake zaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa, na hewa nayo inasafiri. Upepo wa wastani wa kilomita 30 tu kwa saa, ukipigwa nao usoni wakati wa kwenda na kusukumwa nao wakati wa kurudi, huleta tofauti ya dakika 50 na ushei.

Wapo wanaoshikilia kwamba sababu ni dunia kuzunguka. Ingekuwa hivyo, anayekwenda magharibi ndiye angewahi, maana New York ingekuwa inamjia. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani yake kama mtumbwi mtoni.

Safari ya kwenda ina mzigo mwingine. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi: mabawa hupata mshiko mdogo, injini nazo hupungukiwa nguvu. Ndege iliyosheheni mafuta ya kupambana na upepo huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa, na jua la mchana huzidisha taabu. Kuondoka usiku, hewa ikiwa imepoa, kuna faida yake.

Saa ya mkononi haikuoneshi lolote kati ya hayo. Ukiondoka Nairobi saa tano usiku mwezi wa Januari, ukaruka saa 15, New York utakuta ni saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huko, kana kwamba umesafiri saa saba.