Kingamwili za Baridi Yabisi na Urefu wa Maisha

Istilahi kingamwili imeundwa kwa maneno mawili, kinga na mwili, na mwanafunzi akiisikia hufikiria ulinzi. Kwa kawaida ndivyo ilivyo: vijidudu vinapouingia mwili, kingamwili hupambana navyo. Lakini katika ugonjwa wa baridi yabisi, mlinzi humgeukia mwenye nyumba. Kingamwili mojawapo, iliyoelezwa na Erik Waaler wa Norwe mwaka 1940, hushikana na kingamwili nyingine za mwili ule ule. Maabara huiita RF.

Je, inahusianaje na urefu wa maisha? Wagonjwa wa baridi yabisi wenye RF, kwa wastani, hufariki mapema kuliko wagonjwa wasio nayo. Sababu si maumivu ya viungo yenyewe, bali uvimbe wa muda mrefu ambao hudhuru pia moyo na mapafu. Utafiti wa Reykjavik, Iceland, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta vifo zaidi hata miongoni mwa wenye RF wasiougua viungo.

Hata hivyo, matokeo ya Iceland hayawezi kuhamishiwa Kitswamba, wilayani Kasese, yalivyo. Huku kuna malaria na kifua kikuu, na maradhi hayo nayo huweza kuleta RF, kama ufanyavyo uzee. Mkulima wa Kitswamba aliyekutwa nayo huenda hana baridi yabisi kabisa. Ndiyo maana daktari huuliza pia: je, viungo hukakamaa asubuhi kwa muda mrefu? Vidole vya mikono yote miwili vimevimba?

Hapa mwalimu wa lugha ana kazi. Kuanzia Kasese hadi Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, Kiswahili hukutana na Lhukonzo. Darasani, chanya ni jambo jema. Kwenye karatasi ya maabara, maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana. Asiyeelezwa tofauti hiyo anaweza kufurahi bure, au kukata tamaa na kuacha dawa. Ilhali dawa husaidia: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliohusisha wagonjwa 1,240, vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliotumia methotreksati.

Basi mkalimani na aseme hivi: "Kingamwili iliyotafutwa imeonekana. Peke yake haithibitishi ugonjwa, wala haihesabu miaka uliyobakiwa nayo."