Tuijue Kompyuta (Sehemu ya Tatu): Yaliyomo ndani ya faili la ODT

Katika sehemu iliyopita tulitenganisha programu ya kuandikia na faili inalohifadhi. Leo tulipasue faili lenyewe. Tutatumia ODT, aina ya maandishi katika kiwango huria cha OpenDocument, kilichopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005 na kutangazwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300, mwaka 2006.

Mwenye kompyuta ajaribu hivi: atoe nakala ya faili lake, tuseme barua.odt, abadilishe mwisho wa jina uwe .zip, kisha alifungue. Atakuta mafaili kadhaa yaliyobanwa pamoja. Content.xml ndilo lenye maneno. Styles.xml lina mitindo: fonti, pambizo, nafasi kati ya mistari. Meta.xml hutunza taarifa kama kichwa cha waraka na tarehe ulipoandikwa, na picha zina folda yao, Pictures.

Content.xml likifunguliwa hata kwa Notepad, aya hutanguliwa na alama text:p, na vichwa vya habari text:h. Katikati ya alama hizo, kama barua inaanza na “Mheshimiwa Mwenyekiti”, maneno hayo na yote yanayofuata yanasomeka waziwazi.

Hali haikuwa hivyo kwa mafaili ya zamani ya .doc. Hayo yalihifadhiwa kwa namba-jozi (binary), na maelezo yake kamili Microsoft ilikuja kuyaweka hadharani mwaka 2008. Kabla ya hapo, waundaji wa programu nyingine walikuwa wakibahatisha mengi, ndiyo maana majedwali yalivurugika mara kwa mara waraka ulipohama.

Hata hivyo, kusomeka kwa macho peke yake hakulifanyi faili kuwa huria. Kinachohitajika ni maelezo ya muundo wake kuchapishwa yote, kutunzwa na chombo kisichomilikiwa na muuzaji mmoja, na kila mtu kuruhusiwa kuyatumia bila kulipia leseni. Ndiyo maana ODT huandikwa na LibreOffice, na Word nayo huiandika.

Faida yake huonekana miaka inapopita. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilihifadhi maandishi katika mafaili ya .sxw, muundo ambao ndio uliozaa OpenDocument. Maelezo yake yalikuwa wazi, kwa hiyo LibreOffice ya leo bado huyafungua. Aliyeandika kumbukumbu za kikao wakati ule hahitaji kuitafuta Jambo ili azisome.

Sehemu ijayo: kwa nini barua ya ODT, pamoja na uhuria wake wote, huweza kuhama mistari kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia.