Kifafa na Kifo cha Ghafla: Kwa Nini Mgonjwa Hapaswi Kutengwa Usiku

Kifafa ni miongoni mwa magonjwa ya ubongo yaliyoenea zaidi duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 wanaishi na ugonjwa huo, na takribani asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wangeweza kuishi bila kupata mishtuko endapo wangegunduliwa mapema na kupatiwa dawa stahiki.

Jambo ambalo familia nyingi hazijaelezwa ni kwamba kifafa kinaweza kusababisha kifo cha ghafla hata pale ambapo mgonjwa hakuangukia moto, hakuzama majini wala hakuumia. Mgonjwa hulala akiwa hana dalili yoyote, na asubuhi hukutwa amefariki dunia kitandani. Uchunguzi wa mwili haubaini sumu, jeraha wala ugonjwa mwingine unaoeleza kifo hicho. Kwa familia isiyo na taarifa, msiba wa namna hiyo huweza kuzua tuhuma za uchawi na kulaumiana.

Hatari hiyo hailingani kwa wagonjwa wote. Hutegemea kwa kiasi kikubwa aina ya mshtuko. Ipo mishtuko inayoanzia sehemu moja ya ubongo, ambapo mkono au upande mmoja wa uso hucheza bila hiari, au mgonjwa huduwaa na kutafuna bila kuwa na kitu mdomoni. Ipo pia ile ya mtoto kukodoa macho kwa sekunde chache kisha kuendelea na shughuli yake, na mara nyingi walimu hudhani ni utovu wa usikivu. Mshtuko wa mwili mzima ni tofauti: mgonjwa hupoteza fahamu, hukakamaa, hutupa mikono na miguu, na huweza kutoa povu au kujikojolea. Huu ndio unaohusishwa zaidi na kifo cha ghafla.

Miongozo ya wataalamu wa mishipa ya fahamu nchini Marekani, iliyotolewa mwaka 2017, inaeleza kuwa kwa mwaka mmoja kifo cha aina hiyo humpata mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa, na mtoto 1 kati ya 4,500. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa waliopata mshtuko wa mwili mzima ndani ya mwaka uliotangulia walikuwa na hatari mara 27 zaidi ya wale ambao hawakuupata. Aidha, kuishi peke yake kuliongeza hatari hiyo mara tano.

Sababu ya tofauti hiyo imeanza kufahamika. Kumbukumbu zilizokusanywa kutoka hospitali za nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2013 zilionesha kuwa, baada ya mshtuko mkubwa, upumuaji wa mgonjwa ulivurugika na kusimama, kisha moyo nao ukasimama. Vifo vingi vilitokea usiku, na wagonjwa wengi walikuwa wamelala kifudifudi. Mtu aliye karibu anaweza kumgeuza mgonjwa ubavu, kumwamsha na kuita msaada. Mgonjwa aliye peke yake hana wa kumfanyia hivyo.

Hapo ndipo imani potofu hugeuka kuwa hatari. Wapo wanaoamini kuwa povu au mkojo wa mgonjwa huambukiza, hivyo humlaza chumba cha peke yake na kukimbia anapoanguka. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, kwa mate wala kwa kula naye chombo kimoja. Kumtenga ni kumwondolea ulinzi anaouhitaji zaidi.

Mgonjwa anapoanguka, aondolewe vitu vinavyoweza kumjeruhi, awekewe kitu laini chini ya kichwa, na muda wa mshtuko uangaliwe. Asishikwe kwa nguvu, asiwekewe kijiko mdomoni, wala asinyweshwe maji au dawa. Mshtuko ukiisha, alazwe ubavu na asiachwe hadi fahamu zirejee kikamilifu. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukijirudia kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Kinga kubwa zaidi ni kudhibiti mishtuko yenyewe. Dawa kama fenobabitali na kabamazepini hufanya kazi zinapotumiwa kila siku kama ilivyoelekezwa. Kuziacha ghafla, kwa kuwa mgonjwa amekaa miezi kadhaa bila kuanguka au ameshauriwa atumie tiba nyingine, kunaweza kurudisha mishtuko kwa nguvu zaidi. Mabadiliko yoyote ya dozi yafanywe na mtaalamu wa afya. Kukosa usingizi na ulevi pia huchochea mishtuko na vinapaswa kuepukwa.

Nchini Tanzania, eneo la Mahenge mkoani Morogoro limefahamika kwa wingi wa wagonjwa wa kifafa tangu miaka ya 1960, na tafiti za baadaye zimeuhusisha wingi huo na ugonjwa wa usubi. Kwa wakazi wa maeneo yenye usubi, kumeza kingatiba inapotolewa ni sehemu ya kuwakinga watoto.

Familia yenye mgonjwa wa kifafa inashauriwa kumuuliza daktari waziwazi kuhusu hatari ya kifo cha ghafla, kuandika tarehe na saa ya kila mshtuko, na kuhakikisha kuwa usiku yupo mtu wa karibu anayeweza kumsikia mgonjwa.