Kamera ya Bei Nafuu Ipimayo Mwendo wa Maji

Maji safi yaliyomo ndani ya mfereji wa kioo, yawe yametulia au yawe yanakwenda mbio, jicho haliwezi kuyapambanua, kwa kuwa hayana alama ya kufuatwa. Na kwa sababu hiyo mtaalamu atakaye kujua yanapita wapi na kwa kasi gani ni shurti kwanza ayachafue. Ludwig Prandtl, Mjerumani aliyewasomea wanahisabati waliokutana Heidelberg mwaka 1904 maelezo yake mashuhuri ya utando mwembamba wa maji au hewa unaoambatana na kila kitu kinachopitiwa na mkondo, alikuwa na mfereji mdogo ambao maji yake yalisukumwa na gurudumu la kuzungushwa kwa mkono, naye aliyatia chembe za madini zing'aazo ili mkondo uonekane na upigwe picha. Picha zile zilidhihirisha vyema sura ya mkondo, ila si kasi yake katika kila nukta.

Njia itumikayo siku hizi ni ile ile ya Prandtl, iliyoongezewa leza na hesabu. Mwale wa leza hupitishwa katika lenzi yenye umbo la mcheduara, au hata katika kijiti cha kioo, ukatanuka upande mmoja tu na kuwa ubapa wa nuru, wenye unene wa kiasi cha milimita moja. Majini hutiwa vitufe vya kioo vilivyo na uwazi ndani, kipenyo cha kila kimoja kikiwa takriban mikromita 10, na uzito wao umekaribiana na wa maji hata havizami upesi wala havielei upesi. Vipitavyo ndani ya ubapa hung'aa, kama vumbi ling'aavyo katika mwale wa jua uingiao chumbani kwa ufa wa dirisha, na vilivyo nje yake husalia gizani. Kamera iliyokabili ubapa ule hupiga picha mbili zinazofuatana. Kompyuta huzigawa katika viraba, mathalani vya pikseli 32 kwa 32, kisha kwa kila kiraba hutafuta ni kwa msogeo gani chembe za picha ya kwanza zitalingana vizuri zaidi na za picha ya pili. Haifuati chembe moja moja, bali mpangilio wa kundi zima. Msogeo ukigawanywa kwa muda uliopita baina ya picha hizo mbili, kasi imepatikana.

Kwa miaka mingi kazi hii ilikuwa ya maabara zenye mali. Leza itoayo mapigo mawili yaliyotengana kwa sehemu chache za milioni za sekunde, pamoja na kamera iliyofungamanishwa nayo, hugharimu makumi ya maelfu ya dola, na baada ya gharama yote hiyo mitambo mingi hutoa jozi 15 hivi tu za picha kwa sekunde. Mwaka 2016 kampuni ndogo ya Kanada, Kron Technologies, ilichangisha fedha kwa njia ya Kickstarter ili iunde kamera ya kushikwa mkononi, Chronos 1.4, ya dola elfu chache, ipigayo picha 1,057 kwa sekunde, kila moja ikiwa na pikseli 1,280 kwa 1,024.

Je, picha hizo zatosha? Hesabu yake ni nyepesi, na anunuaye kamera bila ya kuifanya amejitakia majuto. Ada ya kazi hii ni kwamba chembe isisogee zaidi ya robo ya kiraba, yaani pikseli 8. Ikiwa picha imechukua upana wa milimita 128, kila pikseli ni sehemu ya kumi ya milimita. Basi kasi kubwa kabisa ipimikayo ni kama sentimita 85 kwa sekunde. Mfereji wa chuo aghalabu haufiki huko. Ama upepo wa feni ya mezani huupita mpaka huo bila taabu, na hapo yabidi kuipunguza picha kimo ili kamera iongeze kasi, au kuiachia kazi ile leza ya mapigo mawili.

Walakini ndani ya mpaka wake kamera hii huona jambo ambalo mtambo wa ghali hulikosa. Maji yaendayo sentimita 50 kwa sekunde yakiipita fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita moja, nyuma yake huzaliwa mizunguko, mmoja kushoto na mmoja kulia kwa zamu, na zamu hizo hutimia kiasi cha mara 10 kwa sekunde. Mtambo wa jozi 15 huambulia jozi moja na nusu kwa kila zamu. Chronos huambulia picha zaidi ya 100, hata mzunguko ukaonekana ukijikunja, ukinenepa, ukabanduka. Kwa maoni yangu hii ndiyo faida yake iliyo kubwa, kuliko hata urahisi wa bei.

Upungufu wake ni kiu ya nuru. Ili chembe isiache mkwaruzo pichani, mlango wa kamera hufunguliwa kwa sehemu ya elfu kumi ya sekunde tu, muda ambao kwa kasi ile ya juu chembe haisogei hata pikseli moja. Maana yake ni kwamba leza ya mfululizo, iwakayo wakati wote, hutumika kwa sehemu ya kumi tu ya nuru yake, na iliyobaki hupotea bure. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 nayo hujaa kwa sekunde 4 hivi. Kuhusu hesabu hakuna gharama, maana programu kama OpenPIV na PIVlab hutolewa bure.

Kiu hiyo ya nuru ndiyo iwavutayo watu kununua leza za kijani za wati kadhaa, tena zile rahisi kuliko zote, nazo zaweza kumpofua mtu kabla hajawahi kupepesa, hata kwa mwale ulioakisiwa na pete ya kidoleni. Leza nyingi za namna hiyo huipata rangi ya kijani kutokana na mwanga wa infraredi, na zilizokosa kichujio huuvujisha mwanga huo usioonekana. Kwa hiyo miwani ya kinga ichaguliwe inayozuia yote mawili, wala si kijani peke yake.