Usiipake rangi picha ya babu kabla ya kumuuliza bibi

Picha yenyewe ni ndogo, unaweza kuifunika kwa kiganja. Ni ya nyeusi na nyeupe na pembe yake moja imekatika. Inaonyesha bahari, jua likiwa juu kidogo ya maji, na watu watatu wamesimama mchangani, weusi ti kama vivuli. Mmoja ni mwanamume mrefu. Amemshika mkono mtoto mdogo. Pembeni yao, hatua chache ndani ya maji, kuna wa tatu aliyejitwika kikapu. Sura zao hazionekani kabisa.

Kwa mgeni, hao ni watu wasiojulikana. Kwetu sisi ndiyo picha pekee inayomwonyesha marehemu baba mkwe wangu akiwa ufukweni na mwanawe. Yule mtoto aliyeshikwa mkono ni mume wangu. Yule wa kikapu, sote tulijua, ni kaka yake mkubwa.

Mwaka jana familia ilipojiandaa kwa dua ya kumwombea mzee, tuliamua picha ile ikuzwe, iwekwe kwenye fremu na kutundikwa sebuleni kwa mama mkwe, huku kwetu Lushoto. Kazi akapewa binti yangu wa kidato cha pili. Kwenye mambo ya simu, yeye ndiye fundi wa nyumba.

Jioni moja akatuletea kazi yake. Anga lilikuwa limegeuka rangi ya chungwa, maji yanang'aa kama dhahabu. Tena babu alikuwa amepata uso! Programu ya simu ilikuwa imebuni macho, pua na tabasamu. Hata yule wa kikapu alikuwa na sura ya mvulana mcheshi.

Tulishangilia. Bibi akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akairudisha simu taratibu.

"Huyu simjui," alisema. "Na hii jioni mmeitoa wapi?"

Rangi ya kahawia ilitoka wapi

Binti yangu hakufanya jambo geni. Kuitia rangi moja picha ya nyeusi na nyeupe ni kazi ya zamani sana ya mafundi wa studio. Wao huiita toni.

Picha ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa chumba cha giza imetengenezwa kwa chembechembe za fedha, ileile fedha ya pete na mikufu. Pale penye weusi kuna fedha nyingi iliyojikusanya. Pale penye weupe unaona karatasi tupu.

Fundi aliyetaka rangi ya kahawia aliitumbukiza picha kwanza kwenye dawa ya kuipausha, kisha kwenye dawa yenye salfaidi. Fedha ikageuka kuwa salfaidi ya fedha, ambayo ni ya kahawia. Chumba kizima kilinuka yai viza. Rangi hiyo huitwa sepia, jina la kale la ngisi, kwa kuwa zamani wino wa kahawia wa kuandikia na kuchorea ulitokana na wino wa mnyama huyo. Lakini kwenye toni ya picha hakuna ngisi, ni kemikali tu.

Mafundi hawakufanya hivyo kwa urembo peke yake. Salfaidi ya fedha haishambuliwi kirahisi na gesi za hewani kama fedha tupu. Picha iliyotiwa toni vizuri huishi muda mrefu zaidi.

Kwa picha za jua na watu weusi kama yetu, kuna jambo linalopendeza. Dawa ya kupausha huanza na sehemu zenye fedha kidogo, yaani anga na maji yanayong'aa. Watu weusi, wenye fedha nyingi, huchelewa. Fundi mwenye jicho huitoa picha mapema, hivyo anga likapata joto la kahawia huku watu wakibaki weusi. Dawa ya seleniamu hufanya kinyume: huanza na giza na kulikoleza. Dhahabu nayo, ikitumika juu ya picha iliyokwisha kuwa kahawia, huivuta kwenye wekundu wa chungwa. Ikitumika peke yake, huleta ubluu uliopoa.

Kwa hiyo tangu zamani fundi alikuwa na uwezo wa kuchagua: picha iwe ya joto au ya baridi, ya jioni au ya asubuhi. Tofauti ni kwamba hakumbadilisha aliyesimama mle ndani.

Mzazi, usije ukajaribu dawa hizo jikoni. Baadhi hutoa gesi yenye sumu, na nyumba yenye watoto si mahali pake.

"Jua la Tanga halizami baharini"

Tulimuuliza bibi ana maana gani kuhusu jioni. Akatushangaa.

"Hapo ni Tanga," alisema. "Jua la Tanga halizami baharini. Linazama huku kwetu milimani."

Ni kweli, na sote tulisoma jiografia. Pwani ya bara, kuanzia Tanga hadi Mtwara, inatazama mashariki. Jua huchomoza upande wa bahari na kuzama upande wa nchi kavu. Kwa mtu wa Tanga, machweo yapo upande wa Muheza na milima ya Usambara. Anayetaka kuona jua likizama kwenye bahari wazi avuke aende Unguja, akae Mji Mkongwe, ambako ufukwe unatazama magharibi.

Ni katika mji huohuo Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930, ikaja kuendeshwa na mwanawe Rohit. Studio hiyo inajulikana kwa hazina yake ya picha za nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani. Picha ya jua na bahari ikitoka kule, inaweza kuwa jioni. Ikitoka Tanga, jua likiwa nyuma ya maji, hiyo ni asubuhi.

Ndipo bibi akatusimulia. Walishuka kutoka Lushoto usiku na lori la kabichi, wakapita Soni, Mombo, Korogwe na Muheza, wakafika Tanga kabla ya alfajiri. Mzigo uliposhushwa, mzee akasema mtoto hajawahi kuona bahari, hawezi kurudi milimani bila kuiona. Wakaenda ufukweni kungali giza. Jua lilipochomoza, mpiga picha wa mtaani akawapiga.

"Kulikuwa na baridi," alisema. "Upepo ulikuwa mkali, mtoto analia anataka kubebwa."

Mume wangu akacheka. Akauliza, "Na kaka je? Yeye hakulia?"

Bibi akamtazama. "Kaka yako alibaki kwa shangazi yake. Huyo wa kikapu ni mimi."

Sebule nzima ilinyamaza.

Alikuwa amesimama kwenye maji, mchanga umemdidimiza, ndiyo maana anaonekana mfupi. Kwenye kikapu kulikuwa na mikate waliyonunua njiani. Picha hiyo imekaa kwenye albamu ya familia zaidi ya miaka 40, na kila mtu alikuwa akimwita mjomba au baba mkubwa. Yeye hakuwahi kutusahihisha kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Alidhani tunajua.

Simu ya binti yangu, kwa kutojua, ilikuwa imemgeuza bibi yake kuwa mvulana.

Kabla hujagusa picha ya zamani

Tangu siku ile nimeongea na wazazi wenzangu kadhaa na kugundua kila nyumba ina picha kama hii. Haya ndiyo tuliyojifunza.

*Uliza kwanza.* Mpe mzee picha mkononi, si kwenye simu. Muulize ni wapi, ni saa ngapi, nani yumo na nani alikuwepo lakini hayumo. Washa kinasa sauti cha simu wakati anaongea. Usimkatize.

*Piga nakala.* Weka picha mezani karibu na dirisha, penye mwanga wa kivulini, si jua kali. Zima taa ya simu. Simu iwe sambamba na picha, isiegemee upande. Kama picha imegandamana na kioo cha fremu, usiibandue kwa nguvu. Ipige hivyohivyo, uinamishe kidogo tu ukiona mng'ao.

*Fanya kazi kwenye nakala tu.* Picha halisi irudi mahali pake.

*Ondoa umanjano kwanza.* Si kila rangi ya kahawia ni toni. Picha ambayo haikusuuzwa vizuri studio huota madoa ya manjano, na sehemu zake nyeusi zinaweza kung'aa kama kioo ukiigeuza kwenye mwanga. Toni halisi huwa imetulia, sawasawa picha nzima au kwa mpangilio. Kwenye simu, igeuze nakala iwe nyeusi na nyeupe kabisa, halafu ndipo uanze.

*Tia rangi kidogo, upande wa mwanga.* Programu nyingi za kuhariri picha hukuruhusu kutia rangi tofauti kwenye sehemu zenye mwanga na sehemu zenye giza. Weka rangi kwenye mwanga, watu uwaache weusi. Ukiona macho yanakimbilia rangi kabla ya watu, punguza nusu.

*Usiwaangaze watu weusi.* Ukivuta mwanga kwenye giza ili "waonekane", utapata vivuli vya kijivu vyenye chengachenga. Weusi wao ndio picha yenyewe.

*Usiweke uso ambao kamera haikuuona.* Programu haimjui babu. Inachora mtu wa wastani. Mtoto atakayekua akiitazama sura hiyo ukutani ataamini ndivyo babu yake alivyokuwa, na siku moja hakutakuwa na wa kumwambia vinginevyo.

*Andika majina.* Tumia penseli laini nyuma ya picha, bila kukandamiza. Wino unaweza kupenya.

Kwa sisi wa milimani kuna adui mwingine: unyevu. Ukungu wa Lushoto huingia hadi kabatini. Usitundike picha halisi kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho, na usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya boksi kavu, mbali na sakafu. Ukutani tundika nakala.

Wapigeni na ninyi

Picha ya namna hii si ya wazee tu. Huku kwetu hatuna bahari, lakini tuna Irente. Ukisimama pale jioni, Mazinde na nyika ya Wamasai ziko chini yako karibu mita 1,000, na jua likishuka, nyika hugeuka kama maji.

Nenda na watoto baada ya saa 12 jioni. Wapange kati yako na jua, kila mmoja apishane na mwenzake ili maumbo yasigandamane. Mtu akigeuka ubavu, pua na kidevu humtambulisha. Kikapu, fimbo, mtandio unaopepea, vyote husaidia. Kwenye simu, gusa anga lenye mwanga, kisha punguza mwanga kidogo, watu watakuwa weusi wenyewe. Lakini kumbuka pale ni genge. Watoto wakae mbali na ukingo, na wewe usirudi nyuma huku macho yako kwenye simu.

Mkifika nyumbani, andika majina siku hiyohiyo. Leo unawajua wote. Baada ya miaka 40 yule aliyesimama kwenye kishimo ataitwa mtoto.

Picha iliyotundikwa

Binti yangu aliifuta kazi yake ya kwanza na kuanza upya, safari hii bibi akiwa amekaa pembeni yake kwenye mkeka. Aliweka ubluu mwepesi kwenye anga na majini, kwa sababu kulikuwa na baridi. Karibu na jua akaacha joto dogo la kahawia. Kila alipozidisha, bibi alisema, "Punguza, jua lilikuwa bado changa."

Watu watatu wakabaki weusi, bila sura.

Siku ya dua wageni waliiona ukutani. Wengi waliuliza mbona mzee haonekani uso. Mama mkwe hakueleza sana. Aliinuka, akaweka kidole kwenye kioo na kuwaonyesha mmoja mmoja: huyu ni mzee, huyu ni mwanangu, analia. Kisha akakisogeza kidole hadi kwenye kikapu.

"Na huyu ni mimi."

Nyuma ya fremu, mjukuu wake ameandika hayo kwa penseli: majina matatu, Tanga, asubuhi.